Sarafu Iliyomezwa na Simu: Uhakiki wa Mchezo wa Redio wa Amos 'n' Andy

UTANGULIZI

Kurasa hizi zimezoea kupokea uhakiki wa riwaya, tamthilia na diwani. Mchezo wa redio haupewi nafasi hiyo mara nyingi. Huenda ni kwa sababu hauna jalada la kushikwa mkononi: husikika jioni moja, watu wakacheka, na kulipokucha umekwisha sahauliwa. Hata hivyo, sisi walimu wa lugha twajua kwamba wanafunzi wetu wengi walisikia hadithi kwa sikio kabla ya kuisoma kwa jicho. Sanaa ya sikio ni sehemu ya kazi yetu, na inastahili kupimwa kwa mizani ileile tunayopimia kitabu.

Katika makala haya nakusudia kuchambua mchezo mmoja wa zamani wa redio ya Marekani, uitwao Amos 'n' Andy. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa michezo iliyosikilizwa na watu wengi mno katika historia ya utangazaji, na kiini cha visa vyake vingi ni jambo tulijualo sote: marafiki na fedha inayowaangukia pasipo kutazamiwa. Pili, mchezo huu uligusa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Mwaka 1963 kampuni ya CBS ilitangaza kwamba imeuza filamu za mchezo huo kwa Kenya na kwa Nigeria ya Magharibi. Haukupita muda mrefu, ofisa wa serikali ya Kenya akatangaza kwamba mchezo huo utapigwa marufuku nchini humo.

Basi swali langu ni hili: mchezo uliochekesha mamilioni una kosa gani hata ukafungiwa mlango? Na je, kosa hilo halimo katika madarasa yetu wenyewe?

CHIMBUKO LA MCHEZO

Amos 'n' Andy ulibuniwa na watu wawili, Freeman Gosden, mzaliwa wa Richmond, Virginia, na Charles Correll, mzaliwa wa Peoria, Illinois. Wote wawili walikuwa Wazungu. Walikulia katika sanaa ya jukwaani ambamo, tangu karne ya 19, Wazungu walijipaka masizi usoni ili kuwaigiza na kuwachekesha watu kwa mgongo wa Wamarekani Weusi. Redio iliwaondolea haja ya masizi. Ilibaki sauti tu.

Mwezi Januari 1926 walianza na mchezo mwingine, Sam 'n' Henry, katika kituo cha WGN mjini Chicago. Tarehe 19 Machi 1928 wakahamia kituo cha WMAQ, mjini humohumo, na kuanza Amos 'n' Andy. Mwezi Agosti 1929 shirika la NBC likautangaza nchi nzima. Kipindi kilichukua dakika 15, karibu kila jioni ya juma, na kisa kiliendelea kutoka siku hadi siku kama riwaya ya mfululizo. Inakisiwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1930 wasikilizaji walifikia milioni 40.

Msomaji azingatie wakati huo. Miezi miwili tu baada ya mchezo kuenea nchi nzima, soko la hisa la New York liliporomoka, na mamilioni ya watu wakapoteza kazi. Mtu aliyerudi nyumbani jioni mikono mitupu aliwasha redio akawasikia vijana wawili wasio na kitu, wakihesabu senti zao na kuota utajiri. Hapana shaka kwamba dhiki ya wakati ule ilichangia sana kuupa mchezo masikio.

Vijana hao ni Amos Jones na Andrew Brown, ambaye ndiye Andy. Ni Wamarekani Weusi waliotoka Georgia, kusini mwa nchi, wakaenda kutafuta maisha mjini, kwanza Chicago, kisha Harlem, New York. Wanaanzisha kampuni ya teksi yenye gari moja tu, tena gari bovu lisilo na paa, na jina la kampuni linasifu hewa safi kana kwamba kukosa paa ni fahari. Mzaha huo wa jina ni mzuri. Maskini hufanya upungufu wake kuwa tangazo la biashara, na sote tumepanda magari ya namna hiyo.

WAHUSIKA NA MABADILIKO YAO

Amos ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye hofu ya Mungu. Andy ni mvivu, mwenye majivuno na mwepesi wa kudanganyika. Yeye hukaa ofisini akitoa amri, Amos akishika usukani. Mhusika wa tatu ni George Stevens, aitwaye Kingfish kwa cheo chake cha uongozi katika chama cha udugu. Huyu hana kazi maalumu ila kutafuta fedha ya Andy iliko, na kumtafutia njia ya kutoka mfukoni. Mkewe, Sapphire, kila siku humtaka afanye kazi ya maana.

Mwaka 1943 mchezo ulibadilika. Badala ya dakika 15 kila jioni, ukawa nusu saa mara moja kwa juma, mbele ya hadhira iliyocheka ukumbini. Mabadiliko hayo ya fani yalileta mabadiliko ya maudhui. Mfululizo wa kila siku ulikuwa na nafasi ya kumwonyesha mtu akifanya kazi, akikosa, akisubiri. Kipindi cha nusu saa kilihitaji hila inayoanza na kumalizika jioni ileile. Kwa hiyo Kingfish akapanda, Amos akashuka. Mchapakazi akawa mtu wa kupita, wa kutoa nasaha na kuondoka. Mlaghai na mjinga wake wakashika jukwaa.

Hapa pana somo la uhakiki ambalo hatuna budi kulishika. Mara nyingi tunasema kwamba maudhui huchagua fani. Katika mchezo huu, fani iliyoamriwa na saa ya matangazo ilimchagua mhusika mkuu mpya.

KISA CHA SARAFU

Kati ya visa vingi vya fedha ya ghafla, nachukua kimoja, kile cha sarafu adimu, kama kilivyoonyeshwa mwaka 1951, mchezo ulipohamishiwa kwenye televisheni. Andy anajikuta na sarafu ya senti tano ambayo, kwa sababu ya uadimu wake, ina thamani ya dola 250. Kingfish anapata habari, na kwa hila anaifanya sarafu kuwa yake. Kisha, katika haraka zake, anahitaji kupiga simu. Anatia mkono mfukoni, anatoa senti tano, anaitumbukiza katika simu ya barabarani. Ndiyo sarafu yenyewe.

Sijui kisa kifupi kinachosema mengi zaidi kuhusu mali ya ghafla. Kwa wenye kukusanya vitu adimu, sarafu ile ni dola 250. Kwa simu, ni senti tano. Mali ya namna hiyo ina thamani maadamu haijatumika. Siku inapotumika kama fedha nyingine, imekwisha. Tena anayeipoteza ni yule aliyejua thamani yake. Andy angaliweza kusamehewa kwa kutokujua. Kingfish hakupotezwa na ujinga bali na mazoea: mkono wake umezoea senti tano, haujazoea utajiri. Mkono wa maskini umemsaliti mwenyewe.

Mhakiki wa Kiswahili hataacha kuikumbuka hapa methali isemayo, "Pwagu hupata pwaguzi." Mwizi hukutana na aliye mwizi zaidi yake. Katika kisa hiki aliye mwizi zaidi si mtu. Ni chombo cha chuma kilichotundikwa ukutani, kisichodanganya wala kudanganywa.

DHAMIRA: URAFIKI WAKATI WA NEEMA

Wahenga walisema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Methali hii inampima rafiki wakati wa shida. Amos 'n' Andy unauliza nusu ya pili ya swali, ambayo methali imetuachia wenyewe: je, neema nayo humpima rafiki? Jibu la mchezo ni kwamba neema hupima vikali zaidi. Wakiwa hawana kitu, Andy na Kingfish ni marafiki wasioachana. Inapoingia fedha, hata ikiwa senti tano, mmoja anageuka mwindaji na mwingine windo.

Hata hivyo, juma linalofuata Andy anarudi kwa Kingfish. Wengi hudhani ni kwa sababu ya upumbavu wake. Nionavyo mimi, sababu iko ndani zaidi. Andy ni mtu aliyehama kwao, hana mke, yuko katika mji mkubwa. Kudanganywa ndiyo bei anayolipia ujamaa. Afadhali rafiki anayekuibia kuliko jioni ya peke yako. Hilo ni jambo la kusikitisha lililovaa nguo za kuchekesha, na katika mahali kama hapo ndipo waandishi walipofaulu.

Upande wa pili wa dhamira hii unaonekana katika kipindi cha Krismasi kilichorudiwa kila mwaka katika miaka ya 1940. Humo Andy, mvivu yuleyule, anaomba kazi dukani ya kuvaa kanzu nyekundu na ndevu nyeupe na kuwapokea watoto. Tunakuja kugundua kwamba anataka mshahara huo ili amnunulie mwanasesere binti wa Amos, aitwaye Arbadella. Mwishoni Amos anakaa kando ya kitanda cha mtoto akimfafanulia sala ya Baba Yetu.

Tukiviweka visa hivi viwili kando kwa kando, mafunzo yanajitokeza bila mahubiri. Fedha iliyookotwa inamezwa na simu na kuacha ugomvi. Fedha iliyotokewa jasho inakuwa mwanasesere mikononi mwa mtoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa mara moja katika mwaka Andy ameinama.

LUGHA NA KICHEKO

Mpaka hapa nimeusifu mchezo. Sasa nafika penye mwiba.

Wahusika wa Amos 'n' Andy walizungumza Kiingereza kilichovunjwa makusudi na Wazungu wawili ili kionekane kuwa ndicho Kiingereza cha watu weusi. Ni kweli kwamba ufundi wao wa sauti ulikuwa mkubwa: Gosden alikuwa Amos na pia Kingfish, Correll alikuwa Andy, na katika miaka ya mwanzo wawili hao peke yao waliigiza umati mzima wa wanaume. Lakini ufundi si hoja ya kumwokoa msanii. Hata mwenye kughushi noti anahitaji ufundi.

Ni lazima tutenganishe vicheko viwili. Kicheko cha kwanza ni cha mtu anayejikweza kwa maneno makubwa asiyoyamudu. Mwenyekiti wa kijiji anayesimama kwa fahari na kusema mkutano "umeharishwa", badala ya "umeahirishwa", anachekesha kwa sababu ya fahari yake. Angesema kwa unyenyekevu kwamba mkutano umesogezwa mbele, asingechekwa na mtu. Kicheko hiki ni cha haki, kwa maana kinapiga majivuno, nayo majivuno ni ya mtu kwa hiari yake.

Kicheko cha pili ni cha lafudhi. Mtu anachekwa kwa sababu amesema "kura" palipotakiwa "kula", au "kula" palipotakiwa "kura", kama ulimi wa mama yake ulivyomfunza. Hapo hakuna majivuno ya kupigwa. Kinachopigwa ni kuzaliwa kwake. Wahenga walikwisha tuonya: "Mcheka kilema hafi bila kumfika." Na lafudhi, ndugu msomaji, wala si kilema.

Mchezo huu ulichanganya vicheko hivyo viwili hata msikilizaji asijue anacheka kipi. Andy anapojidai mkurugenzi, tunamcheka Andy. Lakini kila anapofungua kinywa, linachekwa taifa zima la watu.

Watu hao hawakukaa kimya, wala hawakuwa na kauli moja. Mwaka 1931 Robert L. Vann, mhariri wa gazeti la Pittsburgh Courier, alianzisha kampeni ya kukusanya saini milioni moja ili mchezo uondolewe hewani. Mwaka huohuo gazeti jingine la Wamarekani Weusi, Chicago Defender, liliwaalika Gosden na Correll kwenye sherehe yake ya watoto. Wengi waliipenda hadithi huku wakiuchukia mdomo unaoisimulia, na haishangazi kwamba hisia hizo mbili zilikaa katika moyo mmoja.

Mwaka 1951 mchezo ulipoingia kwenye televisheni, masizi yasingeweza kurudi tena. Wakaajiriwa waigizaji weusi wenye uzoefu mrefu: Tim Moore akawa Kingfish, Alvin Childress akawa Amos, na Spencer Williams, ambaye mwenyewe alikuwa mwongozaji wa filamu, akawa Andy. Waliigiza kwa umahiri. Hata hivyo chama cha NAACP kilipinga. Hoja yake ilikuwa nzito: mchezo uliwaonyesha wanasheria na madaktari weusi kama walaghai, na hapakuwapo mchezo mwingine wa kuonyesha vinginevyo. Vipindi vipya vilikoma mwaka 1953, ingawa vya zamani viliendelea kuuzwa kwa vituo mbalimbali mpaka CBS ilipoviondoa sokoni mwaka 1966.

Hapo ndipo tunapoweza kuuelewa uamuzi wa Kenya wa mwaka 1963, mwaka uleule wa uhuru. Mtu anayeondoka utumwani hataki zawadi ya kwanza iwe kioo kilichopindwa na bwana wake wa jana.

KIPIMO

Je, tuutupe mchezo wote? Mimi napendekeza kipimo chepesi, ambacho mwalimu anaweza kukitumia kwa mchezo wowote: iondoe lafudhi, uone kama kisa kinasimama.

Kisa cha sarafu kinasimama. Mpe Kingfish Kiswahili fasaha cha Unguja, au Kiganda, au Kinyarwanda, na simu itaimeza sarafu vilevile na watu watacheka vilevile. Kisa cha mwanasesere kinasimama pia. Maana yake ni kwamba dhihaka ya ulimi haikuhitajiwa na sanaa. Ilikuwa chumvi ya pili juu ya chakula kilichokwisha kolea, na iliongezwa kwa sababu soko liliizoea. Yako mandhari mengine katika mchezo huu ambayo, ukiondoa lafudhi, hayabakiwi na kitu. Hayo ndiyo yaliyostahili kufungiwa mlango.

Linganisha na Pwagu na Pwaguzi, mchezo uliovuma kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam na kusikika mbali nje ya mipaka yake. Nao ulihusu wajanja na mali ya watu. Lakini waigizaji na wasikilizaji waliketi upande mmoja wa lugha. Aliyecheka alijicheka mwenyewe, au jirani aliyekuwa naye akisikiliza.

NDANI YA DARASA LETU

Sikuandika haya kwa ajili ya Marekani. Hapa Uganda, Kiswahili kiliandikwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini wengi bado wanakikumbuka kama lugha ya amri ya askari. Mwanafunzi anaingia darasani akiwa na woga tayari.

Miaka michache iliyopita niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kutunga kichekesho kifupi kuhusu mtu aliyepata fedha ghafla. Kundi moja lilitunga vizuri sana: mkulima ameuza shamba la urithi, marafiki wamemzunguka, na kufika magharibi hana hata nauli ya kurudi. Walimpa mkulima huyo lafudhi ya wilaya fulani. Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, na nikawapa alama za juu.

Mvulana mmoja hakucheka. Alikuwa wa wilaya hiyo. Kabla ya siku ile alikuwa akinyosha mkono kila mara, akikosea na kurekebishwa bila aibu. Baada yake, hakunyosha mkono mpaka muhula ukaisha. Nilimwuliza sababu, akanijibu kwa Kiingereza kwamba anapenda zaidi kuandika.

Nilikuwa nimewafundisha wengine arobaini kuchekesha, na mmoja kunyamaza. Mwalimu wa lugha akimnyamazisha mtoto mmoja, amefanya kinyume cha kazi aliyoajiriwa kuifanya. Nikarudi kwa kundi lile, tukafanya jaribio la kuondoa lafudhi. Kichekesho chao kilisimama. Kwa hakika kilikuwa bora zaidi, kwani sasa walilazimika kutafuta kicheko katika tamaa ya marafiki, pale kilipokuwa tangu mwanzo. Lakini mkono wa yule mvulana sikuweza kuunyosha kwa jaribio moja.

HITIMISHO

Amos 'n' Andy ulitoweka katika vipindi vya kila juma vya redio mwaka 1955, na sauti za Gosden na Correll zikakoma kabisa katika mchezo huo mwezi Novemba 1960. Kanda nyingi zimehifadhiwa, na anayetaka kuzisikiliza anaweza. Namshauri mwalimu asizitie darasani bila maandalizi, wala asizifiche kana kwamba hazikuwapo. Zina hadithi njema ya mali na marafiki, iliyosimuliwa kwa kinywa cha kuazima bila idhini ya mwenyewe.

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani tuna wanafunzi wanaobeba lafudhi za lugha nyingi. Kila lafudhi ni sarafu. Mwenye haraka ataitumbukiza shimoni ili apate kicheko cha dakika moja, asijue alichokuwa nacho mkononi. Na tuwafunze wanafunzi wetu, na kabla yao tujifunze wenyewe, kuitazama sarafu pande zote mbili kabla ya kuitumia.